Nilitoa gari la familia kwa kituo cha watoto Keringet, wakalikataa. Na walikuwa sawa

Wakuu, habari zenu. Haya ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, na sitapunguza chochote hata pale yanaponiaibisha.

Nina agrovet, duka la dawa za mifugo, hapa Free Area, Nakuru. Gari letu lilikuwa crossover ya zamani, four-wheel, tuliyoiita Shosho, yaani nyanya. Imepeleka watoto shule Njoro, imebeba maziwa, imebeba mama mkwe na mbuzi siku moja. Injini bado ilikuwa inaitika mara ya kwanza.

Tulipopata gari lingine, mabroka wakaanza kunipigia simu. Mke wangu Wambui akasema Shosho haiuzwi, iende kwa Mama Chepkoech.

Huyu mama ni mteja wangu wa dawa za ng'ombe. Anaendesha kituo cha watoto wenye ulemavu upande wa Keringet. Kila Jumanne watoto wanahitaji kufika Molo kwa therapy. Wanaenda kwa boda, mtoto amefungwa leso kwa mgongo wa mamake. Mvua ikinyesha, boda haipandi kile kilima cha mtoni kilicho njiani, na clinic imepita.

Kuna msichana wa miaka tisa, Chebet. Alikuwa ameanza kusimama akishika meza. Mvua ikamkosesha clinic wiki tano mfululizo, miguu ikaanza kukaza tena. Mamake alikuwa anaogopa kwamba hatasimama tena.

Nikafanya service, nikaosha gari, nikavaa suti. Ndiyo, suti. Nilitaka picha nzuri ya kupokeza funguo.

Sasa hapa ndipo mniskize vizuri.

Shosho ilikuwa na tairi mpya za matope, meno makali. Size ilikuwa sawa na ya gari jipya. Ijumaa nikazivua nizifunge kwa hilo jipya, nikaweka zile za zamani, vipara vitupu. Nikajiambia gari la bure halichaguliwi. Wambui sikumwambia.

Jumamosi nikafika Keringet. Kwa compound nikaona magari mawili yamekufa. Van moja kuku wanatagia ndani, na pickup imepandwa sukuma wiki nyuma.

"Hizi zote zililetwa na watu wazuri," Mama Chepkoech akaniambia. "Walipiga picha wakaenda. Kwa hivyo boss, nimeshukuru, lakini yako kwanza ipande kilima."

Akaamuru magunia manne ya viazi yawekwe ndani. Alisema ndio uzito wa watoto na mama zao. Usiku mvua ilikuwa imenyesha.

Wakuu, Shosho haikufika hata nusu. Tairi zilizunguka tu, gari likateleza kinyumenyume mpaka likaingia mtaro. Akina mama wa kituo wakatoka kunisukuma. Suti ikawa rangi ya udongo. Chebet alikuwa ameketi kwa veranda na mamake, wanaangalia. Mamake akainuka, akambeba, wakaingia ndani. Hapo roho iliniuma kabisa.

Mama Chepkoech akachuchumaa, akapitisha kidole kwa tairi. Kisha akaangalia nati.

"Hizi zimefunguliwa juzi. Alama ya spana bado inang'aa. Tairi za hii gari ziko wapi, boss?"

Nilifungua mdomo, uongo ukakataa kutoka.

"Ziko store, nyumbani."

Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi gari bado haijafika. Rudi nayo."

Jua lilipokausha barabara nikapanda na gari tupu, na ile safari ya kurudi Nakuru ilikuwa ndefu. Nilimweleza Wambui kila kitu nikiwa bado na matope. Akaniangalia kutoka kichwa mpaka viatu.

"Kwani ulikuwa unapea watoto gari ama unatafuta picha?"

Jumapili baada ya kanisa nilirudisha tairi zote nne mwenyewe, nikaongeza jeki na spare. Logbook nikafanya transfer kwa jina la kituo, kwa simu nikiwa hapo hapo, nisije nikabadilisha mawazo.

Jumanne asubuhi nilikuwa Keringet, na gumboot badala ya suti. Mvua ilikuwa inanyesha ya kweli. Nikauliza magunia yako wapi.

"Leo ni clinic," Mama Chepkoech akasema. "Hakuna viazi."

Wakaingia watoto watatu na mama zao, Chebet mbele kwa mapaja ya mamake. Nikaweka gear ya kwanza, nikaacha Shosho ifanye kazi.

Pale kwa mtaro ikateleza kidogo, tairi zikauma, ikapanda. Ikapanda yote! Akina mama waliobaki chini walipiga vigelegele mpaka nikavisikia ndani ya gari. Chebet alikuwa anapigapiga dashboard akicheka.

Mama Chepkoech alikuwa ametangulia kwa miguu, anatungoja juu na sinendet, ule mmea wa kutambaa ambao huku huvishwa washindi shingoni. Nikashuka, nikainamisha kichwa kwa heshima.

Akanipita. Akaivisha Shosho kwenye bonnet.

Nilicheka mpaka machozi yakatoka. Wakuu, sijawahi kushindwa kwa raha namna hiyo.

Akaingia nasi, tukafika Molo kabla daktari hajafungua mlango. Nikampa Mama Chepkoech funguo, nikarudi Nakuru kama abiria wa matatu.

Hiyo ni miezi minne iliyopita. Wiki jana Mama Chepkoech alinitumia ujumbe: "Chebet amefungua mlango wa Shosho mwenyewe. Akiwa amesimama." Picha ilikuwepo, mimi simo ndani, na ndiyo picha nzuri zaidi niliyo nayo kwa simu.

Nilichojifunza ni kutoa kitu vile ningekitumia mimi na watoto wangu, la sivyo nikae nacho.

Na nyinyi je, mmewahi kutoa kitu mkakinyofoa kwanza? Semeni ukweli hapa chini. Nati zinaonekana.