Sikuwahi Kubonyeza Tatu

Mimi nina hasira za karibu. Silifichi hilo, na wateja wangu wa steshenari pale Korogwe wanalijua: ukiniletea karatasi uliyoikunja mara nane, halafu ukalalamika kwamba nakala imetoka na mistari, utanisikia. Kwa bahati mbaya habari hizo zilifika hadi Handeni, kwa ndugu wa kijana aliyetaka kunioa. Wakasema posa isubiri kwanza. Shangazi yake, aliyemlea tangu mdogo, ndiye angetoa neno la mwisho, na shangazi alikuwa bado hajalitoa. Nami nilimpenda yule kijana hadi nikawa naunguza maharage.

Ili nisiwaze sana, nikajitia kwenye mchezo wa kompyuta. Siyo kuucheza, kuuandika. Nilikuwa najifunza programu mwenyewe, na huo ndio ulikuwa mchezo wangu wa kwanza. Hauna picha hata moja, ni maandishi matupu. Msafiri anatoka Kang'ata kwa miguu kwenda Korogwe, njiani anakutana na watu, na kila akikutana na mtu anaulizwa afanye nini, naye anajibu kwa namba. Watu hao wote wanatokana na kitu ambacho waandishi wa programu wanakiita klasi. Mtu wa steshenari haelezwi mara mbili: klasi ni fomu tupu. Unaandaa fomu moja, unatoa nakala, kila nakala unaijaza kivyake. Fomu yangu niliiita Mtu, ikiwa na nafasi ya jina, nguvu na mfuko. Nakala moja nikaijaza msafiri, nyingine mwizi, nyingine muuza machungwa. Nikajiona fundi.

Asubuhi moja umeme ukiwa umekatika, aliingia mama mmoja wa makamo, kajitanda kanga, akitaka nakala mbili za kitambulisho. Ndiye huyo shangazi, katoka Handeni na basi la kwanza kuja kunichungulia. Mimi sikulijua hilo. Nikamwamkia, nikampa stuli, nikamwambia asubiri umeme. Kompyuta yangu mpakato ilikuwa bado ina chaji, kwa hiyo nikaendelea na kazi yangu. Baada ya muda akaniuliza naandika barua ya nani.

"Siyo barua, mama. Mchezo."

"Mtu mzima hivyo?" Akacheka. "Hebu nione."

Nikafurahi, maana hakuna mtu mwingine aliyekuwa amewahi kuujaribu. Akasema Bismillahi, akabonyeza. Msafiri wake akampa jina la mbuzi wake. Mfukoni akamtilia unga, chumvi na kanga. Akapita Misima vizuri, na kutoka pale mchezo ukampeleka Segera.

"Kutoka Misima kwenda Korogwe unazunguka hadi Segera? Kufuata nini?"

"Machungwa, mama."

"Hata kama. Maskini huyu anatembea kwa miguu."

Nikakaza meno. Hapo Segera akakutana na mwizi. Kioo kikaandika: moja, pigana; mbili, kimbia; tatu, pekua mfuko wake. Nilisimama nyuma yake nikingoja abonyeze moja, maana hapo ndipo mchezo unapochangamka. Nilikuwa nimeandika makofi ya aina sita. Akabonyeza tatu.

Mfuko wa mwizi una: unga, chumvi, kanga.

"Huyu kanga yangu kaipata wapi?" akauliza. "Hata hatujagusana."

"Umebonyeza vibaya."

"Nimebonyeza tatu."

"Haiwezekani! Mchezo huu nimeujaribu wiki tatu nzima, mimi mwenyewe niliyeuandika. Kama hujui kompyuta usiniharibie kazi!"

Sauti yangu ilifika kwa fundi cherehani wa jirani, kwani mashine yake ilinyamaza. Yule mama akaanza mchezo upya, taratibu, safari hii akatia mfukoni sukari peke yake, akatembea tena kutoka Kang'ata hadi Segera, akabonyeza tatu. Mfuko wa mwizi una: sukari. Akaenda kwa muuza machungwa, akampekua na huyo. Sukari.

Nikaivuta kompyuta, nikaifungua programu. Kosa lilikuwa juu kabisa. Mfuko nilikuwa nimeuandika kwenye fomu yenyewe, badala ya kumpa kila mtu wa kwake anapoundwa, kwa hiyo watu wote wa mchezo walikuwa wanatumbukiza mikono kwenye mfuko mmoja. Kosa la mtu anayeanza. Lilikaa wiki tatu bila kuonekana kwa sababu wiki tatu zote sikuwahi kubonyeza tatu. Nilikuwa napigana tu. Kila mwizi, kila siku, moja.

Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto.

"Mama, nisamehe," nikasema, na neno hilo kwangu hutoka kwa shida kama jino. "Kosa ni langu. Na sikupaswa kukupigia kelele."

"Yamekwisha. Rekebisha, nataka kufika Korogwe."

Nikarekebisha, akafika, huku akilalamika njia nzima kwamba hakuna namba ya kusalimia watu. Nikaiongeza palepale. Tulicheka sana, kwa sababu alimwamkia hadi mwizi.

Umeme uliporudi nikakilaza kitambulisho chake kwenye mashine, na hapo nikalisoma jina la ukoo. Lilikuwa la mchumba wangu. Nakala zikatoka, mimi bado nimeshikilia kifuniko.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ya pili hiyo leo."

"Sikujua kama ni wewe."

"Ungejua, mimi ningeona nini?" Akazichukua nakala zake, akazikunja mara nane mbele yangu, makusudi kabisa, akazifunga kwenye ncha ya kanga. "Kule nyumbani wapo wanaotaka kukupiga vita, na wapo wanaosema kijana akimbie mapema. Mimi nikasema ngoja nikampekue kwanza."

Nikamuuliza amekuta nini.

"Vitu vyangu vilevile. Hizo hasira ninazo tangu usichana wangu, muulize mwenzio. Ila mimi kuomba msamaha nilijifunza nikiwa na wajukuu."

Akatoka kuwahi basi. Kabla hajavuka barabara akageuka.

"Na ile njia ya Segera itoe! Sisi tukija kuleta posa tutapitia Misima."

Nikakaa kwenye stuli aliyoiacha, nikalia kwa furaha hadi fundi cherehani akaisimamisha tena mashine yake.