Kiti cha Jeti Kilivyonikimbiza Ukweni

Jamani, mimi nimewahi kukimbia kiti. Kiti kabisa, mchana kweupe, ukweni.

Naitwa Prosper, wa Makoko, Musoma. Kazi yangu kuuza simu, ugonjwa wangu ndege za jeshi. Siku hiyo nilikwenda kijijini Buswahili kujitambulisha kwa Mzee Magige, baba yake mchumba wangu Wankyo. Akinikataa, ndoa hakuna. Mkononi nilikuwa na sangara wa zawadi.

Wankyo alishanidokeza: "Baba alikuwaga jeshi la anga."

Nikajua nimeshapita!

Mzee alikuwa uani na ndugu na majirani, amekaa kwenye kiti cha ajabu, Wankyo kasimama kando yake. Kina mkanda, na pembeni kishikio chekundu.

"Shikamoo baba. Kiti hiki cha wapi?"

"Marahaba. Hiki kilirushaga watu hiki. Wengine walivunjikaga migongo."

Mungu wangu, kiti cha jeti! Nikamwaga historia bila kuombwa.

"Baba, marubani wa zamani walijifunza kwa ndege za pangaboi. Jeti zikaja na kasi yake, tena za kiti kimoja. Mwanafunzi anapaa peke yake, akikosea anazikwa. Ndiyo ikaundwa jeti ya mafunzo, viti viwili. Mwanafunzi mbele, mwalimu nyuma na usukani wake, ukizingua anakunyang'anya. Mambo yakigoma kabisa, unavuta kishikio, baruti inalipuka chini ya kiti, unarushwa nje!"

"Baruti?" Mzee akakishika. "Kishikio hiki?"

"Usivuuute!"

Nilikuja kusimama kwenye mihogo ya jirani, nahema.

Mlipuko hakuna. Nikachungulia. Mzee kalala chali kwenye kiti, anacheka mpaka machozi. Kumbe kishikio ni cha kulaza kiti! Nikarudi uani polepole.

"Kijana, hiki cha basi la Bunda. Barabara ilikuwaga mbovu, kikarushaga watu. Basi lilipokufa nikachukua kiti."

"Na jeshi la anga?"

"Niliwapikiaga marubani ugali."

Kisha akaangalia mikono yangu. Nilikuwa nimemkumbatia sangara. Wankyo alikuwa palepale nilipomwacha, kando ya kiti.

"Umemwacha binti yangu kwenye baruti, umeokoa samaki. Basi oa samaki."

Uwanja mzima ulicheka, isipokuwa Wankyo. Aibu ilinichoma, nikatamani kulia.

Wankyo akanitazama weee, kisha akasema, "Baba, mpokee tu. Ila huyu ni mwanafunzi, atakaa mbele. Mimi nyuma, na usukani wangu."

Nimeoa. Kishikio pia anacho yeye, na ameniambia hatasita kukivuta.

Somo langu: ukienda ukweni, uliza kiti ni cha nini kabla hujakitolea historia. Na ukiona lazima ukimbie, angalia umeshika mkono wa nani.