Kuni za Wal

"Mizabibu ya marehemu baba ni kuni tu!"

Hivyo ndivyo babu yangu, Waldemar Zadow, alivyotangaza akiwa juu ya trela la trekta, kipaza sauti mkononi, mbele ya bonde zima lililokusanyika kwa sikukuu ya divai. "Mimi yangu nimeing'oa, na serikali imenilipa kwa kuing'oa. Mdogo wangu Arno bado anabembeleza visiki. Haya, ngojeni muone. Atakuja kuniomba viazi, na nitampa, pamoja na kuni za kuvichemshia!"

Watu wakacheka, tarumbeta zikalia. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini hotuba ile naijua kuliko sala ya kabla ya kula. Wanabonde hawasahau kitu kilichosemwa kwenye kipaza sauti.

Miaka ile divai nyekundu ilikuwa haina mnunuzi, na serikali ilikuwa ikiwalipa wakulima wang'oe mizabibu mikongwe. Babu na Arno walikuwa wamegawana shamba la baba yao kwa uzio uliopita katikati. Babu akaleta trekta na mnyororo. Arno akabaki upande wake na makasi ya kupogolea. Babu akapanda viazi, vikaoza. Akapanda miti ya matunda, ndege wakamshukuru sana. Mwishowe akafuga kondoo, ambao mpaka leo wanatafuna magugu pale pale ilipokuwa mizabibu ya baba yake.

Ng'ambo ya uzio, watu wa mjini wakaanza kuitamani divai ya mizabibu mizee. Kadiri kisiki kilivyopinda, ndivyo walivyozidi kufungua pochi. Arno akajenga chumba cha kuonjea, akatia divai yake kwenye chupa nzuri nyeusi na kuibandika jina: Kuni za Wal. Wal ndiye Babu.

Tangu siku hiyo Babu hakukanyaga kwa ndugu yake. Arno alipozikwa majira ya baridi yaliyopita, Babu alisimama nje ya kanisa, kati ya magari, kofia mkononi, akaondoka kabla ya keki ya matanga. Kwetu kuondoka kabla ya keki ni sawa na kutokuja.

Kwa hiyo asubuhi ya sikukuu ya mwaka huu, aliposema mezani, "Leo tutapita na kwa Arno," baba yangu Clem alimwaga chai.

"Kuonja?" Baba akauliza.

"Kuomba."

"Kuomba nini?"

"Pingili. Wakipogoa Julai, wakati wa baridi, wanipe vijiti vya mizabibu vya kupanda, vya kutosha mstari mmoja. Ni mizabibu ile ile ya baba. Nataka kuirudisha upande wetu kabla sijaenda kumkuta baba huko aliko. Mstari mmoja tu, Clem. Sitaki zaidi."

Hakuna aliyecheka, hata dada yangu Keely, ambaye hucheka hata kwa daktari wa meno.

Tulikodi basi dogo. Usukani nilipewa mimi, kwa kuwa ndimi pekee ambaye familia iliona nisipokunywa hasara ni ndogo. Njia nzima sanamu za majani zilikuwa zimesimamishwa malangoni kama kila sikukuu: bibi harusi wa majani, kasisi wa majani, na polisi wa majani ambaye Babu alimpungia mkono akidhani ni jirani.

Ilikuwa wazi kwamba mzee anaogopa. Kila kiwanda cha divai tulichokipita alisema, "Hapa kwanza." Alionja, akazungusha mdomoni, akatema kwenye ndoo kama waonjaji wote, ila kwa sauti ya kuudhi.

"Vipi, Babu?" Keely akauliza kwenye kituo cha kwanza.

"Jamu."

Cha pili: "Dawa ya kikohozi."

Cha tatu alimwambia mwenye kiwanda mwenyewe, "Kijana, hii umeitengeneza au imekutokea?"

Tulikula soseji za moshi na matango ya siki kwenye nyasi. Watoto wa watu walikuwa wamevua viatu na kukanyaga zabibu kwenye beseni, huku wazazi wao wakipiga picha. Saa zikaenda. Baba akasema taratibu, "Mzee, kwa Trudi wanafunga saa kumi na moja."

Trudi ni binti wa Arno. Babu akajifuta mdomo, akavaa kofia. "Twende basi. Mnangoja nini?"

Chumba cha Arno kilikuwa kimejaa watu wa mjini waliovaa viatu vyeupe, viatu ambavyo huku kwetu mtu havivai labda awe amelazwa hospitalini. Trudi alikuwa nyuma ya meza ndefu, amevaa aproni ya baba yake. Alituona. Akaendelea kumimina. Babu naye akapanga foleni kama mgeni yeyote.

Bwana mmoja wa viatu vyeupe aliinua chupa nyeusi. "Eti huyu Wal ni mtu kweli, au ni mambo ya biashara tu?"

"Ni mtu kweli," Trudi akasema. "Amesimama nyuma yako."

Chumba kizima kikageuka. Babu akavua kofia.

"Ba'mkubwa," Trudi akamsalimia.

"Trudi. Pole na msiba."

"Umechelewa, lakini nimepokea. Nikumiminie?"

"Nina ombi kwanza." Akashika ukingo wa meza. "Mkipogoa mwaka huu, naomba pingili. Za mstari mmoja."

Trudi aliweka chupa chini, akamtazama kwa muda kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo.

"Ba'mkubwa, unanitania?"

"Sijaja kutania."

"Baba alikuwekea pingili kwenye uzio kila alipopogoa. Kila mwaka, mpaka mikono ilipokataa. Tita zima, limefungwa kwa kamba, pale kwenye kona yenu. Mimi mwenyewe nilikuwa nalibeba. Asubuhi halipo, baba anafurahi. Anasema, 'Wal amechukua.' Halafu anasimama dirishani majira yote ya kuchipua, anatazama upande wenu kama atauona mstari. Anaona kondoo."

Babu alimeza mate, na mara hii hakuna aliyemletea ndoo.

"Nilidhani ananijibu," akasema.

"Anakujibu nini?"

"Yale niliyosema kwenye trela. Nilisema nitampa kuni. Nikaona naye ananitupia kuni uani kwangu ili nijue nani kashinda. Na wewe unajua hiyo chupa ameipa jina gani."

"Jina lilikuwa utani! Alitaka uje umtukane. Alikuwa na matusi yake tayari, anayafanyia mazoezi bafuni." Trudi akacheka kidogo, kisha macho yakamlowa na akakasirika kwamba yamelowa. "Na tita lilikuwa limeviringishwa kwenye gunia bichi, Ba'mkubwa. Limeloweshwa maji. Nani analowesha kuni?"

 Babu amepogoa mizabibu tangu kimo chake hakijafika kwenye meza ya mama yake. Gunia bichi analijua.

"Nililiona gunia," akasema mwishowe.

"Ukazifanyia nini?"

"Nilichomea soseji."

"Zote?"

"Zote. Kila mwaka. Zilikuwa hazitaki kuwaka."

Keely aligeuka kutazama ukuta. Baba alianza kukunja kikaratasi cha bei vipande vidogo vidogo. Mimi nikakumbuka zile soseji za majira ya baridi, moshi ukituchoma macho, Babu akipuliza na kulaani, na sisi tukiomba tuongezewe.

"Basi nipe za Julai hii," Babu akasema. "Nitazibeba mwenyewe. Nitakuja kwa kupitia mlangoni."

Trudi akatikisa kichwa. "Tumeuza. Kaka zangu walitaka fungu lao, na mimi peke yangu sikuweza kuwalipa. Hii sikukuu ndiyo mwisho wetu, kuanzia Jumatatu shamba ni la kampuni. Mkataba umetaja mpaka pingili. Hata tawi halitoki nje ya uzio. Ungekuja kwenye mazishi ukala keki, ningekukatia pingili siku ile ile."

 Trudi akammiminia. Babu akazungusha mdomoni kama alivyofanya kutwa nzima, na Keely, kwa mazoea, akamsogezea ndoo. Babu akaisukuma kando. Akameza. Akabaki na glasi tupu puani, amefumba macho, mpaka mtu wa nyuma kwenye foleni akakohoa.

"Nifungie moja," akasema.

Trudi akaizungushia karatasi kwa uangalifu. Baba akainama juu ya meza. "Trudi, bei ya ndugu ipo?"

"Mashine ya malipo ni yao tayari, Clem. Haijui ndugu."

Babu akatoa kadi yake. Kuni za Wal, chupa moja, dola mia mbili na arobaini.