Mkono Niliouinua

Nilikuwa na miaka kumi na saba na darasa la tatu la misheni, vita vikanifanya mwalimu. Shule yetu ilikuwa chini ya mikanju, porini huku Nhica, kaskazini mwa Msumbiji, upande wa wapiganaji wa uhuru. Chaki yetu muhogo mkavu, ubao wetu kipande cha bati. Nilifurahi mno! Nikaota watoto wangu wote wamekuwa madaktari, hata yule asiyejua idadi ya vidole vyake.

Ila kufundisha nilikujua kwa njia moja tu, ile niliyofundishwa mimi: palmatoria. Nikaichonga mwenyewe, ubao mnene wa duara wenye mpini. Ukikosea, kiganja mbele.

"Mkono wa dada mwalimu unashinda bomu," watoto walitaniana. "Bomu halirudii!"

Nilicheka nao. Asiyecheka alikuwa binti mmoja wa miaka minane. Askari wa Kireno walimuua mama yake kwa vitako vya bunduki, yeye akitazama. Alipokosa saba jumlisha sita nilimpiga mara nne. Hakulia. Tangu hapo nikiinua mkono, hata kufukuza nzi, alifumba macho. Niliona, nikasema moyoni, ndiyo heshima hiyo.

Ndege zikaja asubuhi, tukiwa tunasoma. Wenzake waliruka handakini. Yeye akabaki anaokota vipande vya muhogo. Nikamkimbilia, mkono juu, kumwashiria alale chini. Aliuona mkono, akanikimbia. Alikwenda moja kwa moja kwenye uwazi, na bomu likaangukia huko.

Nilimkuta hai. Mguu wa kushoto ulikatika chini ya goti, mfupa nje, mchanga unakunywa damu. Nilipoinama kumfunga kwa kanga yangu, alikinga kichwa kwa mikono miwili.

"Naijua, dada mwalimu. Kumi na tatu. Kumi na tatu."

Nilimbeba mgongoni mpaka kambini, nikilia, nikimbembeleza anishike shingo nisimwangushe. Hakunishika. Mikono ilining'inia tu, nami nilijua si udhaifu, maana nilipojikwaa alijikaza.

Muuguzi wa wapiganaji, mzee mwenye damu za watu wengine mpaka viwikoni, alipiga goti mbele yake.

"Mwanangu, nitakuumiza kidogo. Nikuguse?"

Miezi mitano nilikuwa na binti huyo, sikuwahi kumwuliza neno kama hilo. Alimtazama yule mzee, akaitikia kwa kichwa, akanyoosha mkono akamshika yeye.