Folda Ilikuwa Tupu

Tangu mumewe afariki, Mama Studio aliendesha studio yao ya picha peke yake, ila programu ya kuhariri picha ilimtoa jasho. Asubuhi hiyo aliielekeza ihamishie picha kwenye folda mpya, kisha akafuta kadi ya kamera. Kufungua folda, tupu!

"Dada, mazishi ni saa nane," jirani aliyefiwa na mamake alimsihi. "Picha uliyompiga mama juzi ndiyo pekee tuliyo nayo."

"Nipe dakika, mdogo wangu."

Alibadili mipangilio mara tano, machozi yakimlengalenga. Mwishowe akakuta folda yenye tarehe ya miaka kumi nyuma: tarehe ya kamera ilikuwa imekosewa, na programu ikazipanga picha kwa tarehe hiyo. Mama wa jirani alikuwa humo, anacheka. Mama Studio akasogea kando, akamwachia jirani mwenyewe abonyeze kuchapisha.