Mgeni wa Elia

Nasema kwa aibu, lakini heri mnisikie mimi kabla hamjasimuliwa na watu wa Katubuka: Jumapili ile nilisimamishwa mbele ya kanisa zima, mimi Ramadhani, fundi redio wa Kasingirima, Ujiji, kofia yangu ya swala nimeikunja mfukoni.

Mke wangu ndiye aliyeniambia kwamba binti yetu Zuhura, aliye kidato cha tano, anapendana na Elia wa darasani kwake, kijana anayepiga kinanda kanisani Katubuka. Mtu mwingine angemuuliza binti; mimi (nina tabia ya kutoamini kitu nisichokikagua, hata redio ya mteja naifungua kwanza ndipo nasikiliza maelezo yake) nikaamua kwenda kumwona huyo Elia kwa macho yangu, nikae benchi la nyuma, nipime adabu yake, niondoke kimya.

Sikujua kwamba wenzetu huwatambulisha wageni. Mchungaji aliposema, "Wageni wasimame tuwaone," nikainama kama natafuta kiatu, lakini mama aliyekaa pembeni yangu akauinua mkono wangu juu: "Huyu hapa!" Maiki ikaletwa. Nikataja jina langu, vichwa vyote vikanigeukia (kwa jina lile, hata mtoto angeelewa kwamba mimi ni Mwislamu).

"Karibu sana, mzee. Nani amekualika?"

Zuhura nisingemtaja hata kwa dawa. Ningemwaibisha mjini kote. Na humo ndani nilijua jina moja tu.

"Elia," nikasema.

Vigelegele! Mchungaji akampongeza kijana kwa kuleta roho mpya, nikavutwa mbele, wakaniombea kwa sauti kubwa nikiwa bega kwa bega na Elia, jasho linamtiririka, ananinong'oneza:

"Shikamoo, baba Zuhura. Mimi sijakualika."

"Marahaba. Najua. Nyamaza."

Habari ilifika Ujiji kabla yangu. Nilimkuta Zuhura kibarazani anachambua mchele, macho mekundu.

"Baba, mimi na Elia tulishaachana. Alitaka nihamie kwao, nikamwambia dini yangu siiachi kwa ajili ya mvulana. Nilikuwa natafuta siku ya kukueleza." Akautazama mfuko wangu uliotuna. "Kumbe umehama wewe?"

Nikaitoa kofia, nikaivaa na mikunjo yake.

Redio za watu bado nazifungua kabla ya kuuliza. Binti yangu namuuliza kwanza, na akinyamaza, nasubiri.