Harage Ndani ya Ngumi

Juzi kwenye foleni ya sukari, duka la ushirika Karatu, mama mmoja wa Mbulumbulu aliyekuwa nyuma yangu alidai anajua mtu anachoficha. Mimi, niliyeacha shule darasa la tano kwa kuwazidi walimu akili, nikacheka. Nikaficha harage katika ngumi moja, nikamtaka aseme ni ipi.

“Mama, ukipatia mara tano mfululizo, chukua nafasi yangu.”

Akapatia zote. Watu wakapiga makofi: “Ana macho ya rohoni!”

Nikaficha tena, safari hii nimefumba macho. Akakosa mara tatu.

“Mmeona? Hakuna cha rohoni!”

“Nani kasema rohoni, mwanangu? Ukificha, macho yako mwenyewe yanaichungulia ngumi yenye harage. Haya, nipishe.”

Ndugu wasomaji, sayansi imeshinda. Sukari iliishia kwake.